Kwaya, Neno Lililonifikisha Kondoa

Ndugu zangu, tangu nirudi mmekuja mmoja mmoja kuniuliza yaliyonipata, na kila mmoja nimempa kipande tu, kwa sababu mlango ulikuwa wazi, au palikuwa na mgeni, au mimi mwenyewe nilichoka kusema. Sasa nasikia vipande hivyo havifanani, na yuko anayesimulia kwamba nilikamatwa kwa kuiba bunduki. Basi nimekaa niyaweke yote kwa mfuatano wa njia, kutoka hapa Mkonze hadi Kondoa na kurudi. Mkisha kuyasoma yaishie vifuani mwenu. Vita haijaisha, na boma la Dodoma bado lina watu wale wale.

Mkonze hadi Makole

Neno lenyewe mnajua lilivyotufikia. Bwana wetu Mwingereza, kabla Wajerumani hawajamkamata na kumpeleka Tabora, alitupanga safu mbili ndani ya tembe letu la sala, wanawake mbele na wanaume nyuma, akasema kuanzia siku ile sisi ni kwaya. Lilikuwa neno geni. Kwetu Wagogo ngoma ina jina lake na wimbo una jina lake, lakini watu wanaoimba hawana jina, maana hakuna anayebaki pembeni akisikiliza. Hata hivyo neno lilikaa vizuri mdomoni, likazoeleka. Bwana akaenda kifungoni, neno likabaki nasi, nami nikabaki nikifundisha nyimbo kama alivyoniachia.

Siku ile nilikwenda Dodoma kutafuta chumvi. Nikipita Makole, kando ya reli, nilikutana na Lameki, yule fundi mwashi tuliyesoma naye. Akaniuliza habari za Mkonze. Nikamjibu kwa furaha, wala sikutazama nyuma yangu:

"Kwaya iko tayari. Kila mmoja anajua sauti yake. Jumapili wanangoja mkono wangu tu."

Nyuma yangu alikuwa amesimama ombasha, yaani askari mwenye amri juu ya askari wachache. Jina lake Farajala, mtu wa Sudani, mrefu, mwenye chale mashavuni. Alisogea karibu akaniuliza kwaya ni nini. Nikamwambia ni watu wanaoimba. Akauliza neno hilo ni la lugha gani. Hapo nilipaswa kufikiri kwanza, lakini nilikuwa nimezoea kujibu ninapoulizwa. Nikasema ni Kiingereza.

Hakunipiga. Alinishika mkono juu ya kiwiko, taratibu, kama mtu anavyomshika jamaa yake kumvusha mtoni, akanipeleka bomani. Lameki naye alichukuliwa, akachapwa kiboko kwa kuwa alinisikiliza, kisha akaachwa. Nilisikia akichapwa nikiwa chumba cha pili, na tangu hapo mate yalinikauka.

Karani wa pale alikuwa mtu wa pwani. Alijua maneno yote ya jeshi la Wajerumani, lakini kwaya hakulijua. Alilitamka mara nyingi, akalivuta, akalikata, mwisho akasema huyu hakusema kwaya, amesema kwa waya. Wote wakanigeukia. Kumbe juma lile waya wa simu ulikuwa umekatwa mahali upande wa magharibi, na mkataji hakupatikana. Kwa waya iko tayari. Kila mmoja anajua sauti yake. Wanangoja mkono wangu. Niliposikia maneno yangu yakisomwa na mdomo mwingine, hata mimi niliyaogopa.

Bwana mkubwa mwenye kuhukumu alikuwa ameondoka kwenda Kondoa, ambako jeshi lilikuwa linakusanyika kuwangoja Waingereza wanaotoka kaskazini. Wakaamua nipelekwe kwake.

Makole hadi Makutupora

Tulitoka alfajiri, mnyororo shingoni. Mwisho wa pili wa mnyororo alikuwa amefungwa mzee mmoja Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara, jina lake Mzee Hamisi. Kosa lake lilikuwa kuwaficha punda wake jeshi lilipowataka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanionyesha kwa mkono jinsi ya kuikunja nguo yangu ikae kati ya chuma na ngozi. Ndilo jambo la kwanza la wema nililolipata safarini, na kama si hilo shingo yangu ingeoza.

Waliotusindikiza walikuwa Ombasha Farajala na askari kijana aitwaye Petro. Farajala alitangulia, Petro akafuata nyuma. Njia ya kwenda Makutupora ni tambarare, miiba na vumbi jekundu, mnaijua. Mimi sikuiona. Nilitazama visigino vya Mzee Hamisi tu, kwa kuwa akijikwaa yeye nakabwa mimi.

Maji ya Makutupora yana ladha ya chumvi, tukayanywa hivyo hivyo. Farajala alikuwa amempiga risasi kanga, akawahi kumchinja kabla hajafa, na nyama ilipoiva akampa Mzee Hamisi paja zima kwa kuwa ni Mwislamu mwenzake. Mzee akalimega nusu akanipa. Ugali ulikuwa wa uwele wenye mchanga. Nilikula bila kuhisi ladha.

Ulipofika wakati wa sala, Farajala alitandika blanketi, na Mzee Hamisi akasimama nyuma yake. Mnyororo ulikuwa mfupi. Mzee alipoinama nami niliinama, aliposujudu nami ilinibidi nishuke mpaka paji la uso likagusa mchanga. Farajala aliposalimu na kugeuka, akaniona nimepiga magoti, macho yangu yakiwa sawa na yake. Akasema kwamba hata ningesilimu leo, Kondoa kuna mti mmoja tu na matawi yake hayachagui dini. Alisema bila hasira, na ndiyo maana nilimsadiki.

Milima ya Chenene

Katika milima ile njia huingia kwenye kichaka kizito, na askari walibeba bunduki mikononi badala ya begani. Simba walikuwa wameonja watu mwaka ule, maana wapagazi wa jeshi walikuwa wakianguka njiani wakaachwa. Tuliona mizigo iliyotupwa, na mahali pengine tuliona zaidi ya mizigo. Mzee Hamisi alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Mimi nilijaribu kusali, lakini kila nilipoanza nilikuta nahesabu tu matawi ya miti, hili lingechukua uzito wangu, hili lisingechukua.

Ndipo nikasikia nyuma yangu Petro anaimba puani. Hakuimba maneno. Lakini tuni niliifahamu, ilikuwa ni ile ambayo sisi huimba wakati wa mavuno, na sauti aliyoishika ni ya pili, ile ya chini ambayo mtu haimbi peke yake mpaka awe amefundishwa na wenzake. Nikangoja Farajala asogee mbele kidogo, nikamwuliza pasipo kugeuka amejifunza wapi.

Akasema alilelewa na wamisionari wa Kijerumani kwenye milima ya kaskazini, upande wa pwani, na kwamba walikuwa wengi walioimba pamoja kila Jumapili.

"Kwenu watu hao mnawaitaje?" nikamwuliza.

"Kori," akasema.

Nikamwambia hiyo ndiyo kwaya. Kitu ni kile kile, nikamsihi amwambie ombasha. Nilipogeuza shingo kadiri mnyororo ulivyoniruhusu, nikaona uso wake umebadilika. Alikuwa ananiogopa. Akanisukuma kwa kitako cha bunduki katikati ya mgongo, si kwa nguvu nyingi, akasema nisiseme naye tena, maana mtu akionekana anapatana na mfungwa wa Waingereza atafungwa naye. Tangu hapo hakuimba.

Hofu niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa ya mtu asiye na shahidi. Sasa shahidi alikuwa nyuma yangu, natembea nikisikia pumzi zake, na hatasema. Nawaambia kweli, hii ya pili ilikuwa mbaya zaidi.

Haneti

Haneti tulichelewa, kwa sababu Farajala alikuta pombe ya mtama imeiva kwenye kaya moja akaona miguu inamuuma. Tulifungwa kwenye nguzo ya tembe, mimi na Mzee Hamisi, jua likatuhama upande mmoja mpaka mwingine. Wanawake wa pale walikuwa wakitwanga. Walitusalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, nami nilipowaitikia kwa Kigogo walishtuka, walidhani sisi ni watu wa mbali.

Mwanamke mmoja akapiga moyo konde akamwuliza Farajala hawa ni akina nani. Farajala alikuwa amelewa na amefurahi. Akatunyooshea kata ya pombe.

"Hii ni kwaya," akasema. "Hamjaiona kwaya? Iangalieni vizuri."

Akacheka peke yake. Wanawake wakatuangalia kama walivyoambiwa, mnyororo, shingo zetu, damu iliyokauka kwenye kanzu ya mzee. Walirudia lile neno wao kwa wao, polepole, kama mtu anavyojaribu chakula asichokijua. Kisha wakakusanya watoto na michi yao wakaingia ndani. Tulibaki uani peke yetu na vinu vitupu.

Nilimwambia Mzee Hamisi kwamba nikifa, ni kwa neno ambalo nilifundishwa kuwa ni la kumsifu Mungu. Akanisikiliza. Akasema kwao Kondoa wana kundi la maulidi, vijana wanaokaa mistari miwili wakiitikiana, na kama ombasha angemkuta yeye Makole akisema vijana wake wa maulidi wako tayari, asingeulizwa kitu. Neno la Kiarabu limekwisha kuzeeka katika nchi hii, akasema, limepata mke na watoto. La kwako limefika jana, tena limefika na adui.

Kelema hadi Kondoa

Baada ya hapo njia ilijaa watu. Wapagazi walipita kwa mistari, ng'ombe walioporwa, askari wengi, Wazungu juu ya nyumbu. Hakuna aliyetutazama mara mbili. Tulilala Kelema ndani ya boma la miiba pamoja na watu waliokamatwa kubeba mizigo, Wagogo, Warangi, Wanyaturu. Waliniuliza nimefanya nini, nikasema sijui. Wakaridhika na jibu hilo. Wengi walikuwa nalo hilo hilo.

Tulipoanza kuona mashamba ya Kondoa, mihogo na migomba kwenye mabonde, Mzee Hamisi aliongeza mwendo mpaka nikawa navutwa. Alikuwa anakwenda kwao. Farajala akanionyesha mti ule kwa kidole kama mtu anayemwonyesha mgeni msikiti. Ulikuwa mtini mkubwa karibu na boma. Sitasema kilichokuwepo. Nilijikojolea, ndugu zangu, na Mzee Hamisi akasogea mbele yangu ili watu wa kwao wasinione.

Kondoa

Walituweka chumba cha mawe chenye watu wengi. Jamaa za Mzee Hamisi walikuja na wale punda waliofichwa, wakawatoa mbele ya boma, na siku ya pili mzee akafunguliwa. Kabla hajatoka alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanisomea kitu ambacho sikukielewa. Tangu hapo mkewe alileta chakula kila siku kwa jina langu, ugali wa ulezi na samli na mboga ya kunde, akamwambia mlinzi ni cha mwanawe. Mlinzi alikula nusu. Nusu iliyobaki ilinifikia, na kwa mara ya kwanza tangu Makole nilihisi ladha, ya samli.

Kisha nikaitwa.

Bwana mkubwa alikaa nyuma ya meza, mwembamba, macho ya njano kwa homa. Kando yake alikuwa Mzungu mzee mwenye ndevu, ambaye zamani alikuwa padre na sasa akitibu majeruhi. Farajala alisema habari yake, akayarudia maneno yangu ya Makole vilevile kama nilivyoyasema, hakuongeza wala hakupunguza. Bwana mkubwa akaniuliza mkono wangu unaashiria nini. Nikainua mkono kumwonyesha jinsi ninavyowaanzisha waimbaji. Hakuona kitu ila mkono hewani. Akaniuliza watu wangu wamejificha wapi. Nikasema hawakujificha, wako Mkonze, wanalima. Akaandika jina la Mkonze, nami nikaona nimewaua wote.

Nikasema nikiwa nalia kwamba kwaya ni watu wa kuimba, si waya, si jeshi, na Wajerumani wenyewe wanayo, wanaiita kori.

Akainua macho. "Nani amekuambia kori?"

Sikumtazama Petro. Alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yake. Naapa sikumtazama, na sikutaja jina lake, si kwa ushujaa, ni kwa kuwa sauti ilikatika. Bwana mkubwa akachukua tena kalamu.

"Mimi, bwana mkubwa," Petro akasema.

Akasogea mbele akasimama wima, jasho likimtiririka, akasema kwamba njiani nilitambua wimbo wake na kwamba mtu asiye wa kori asingeutambua. Yule padre akaweka chini kitambaa alichokuwa nacho, akasema tuimbe. Farajala alicheka kidogo, akaacha alipoona hakuna anayecheka naye.

Mnajua sauti yangu. Siku ile ilitoka kama ya mbuzi. Nilianza sauti ya kwanza kwa maneno yetu ya Kigogo, na Petro akaishika ya pili kwa maneno ya kwao, ambayo sikuyajua hata moja. Tulipofika mahali pale ambapo sauti ya kwanza hupanda na ya pili hungoja, tulingojana sawasawa. Hatukuwa tumeimba pamoja hata siku moja, lakini waliotufundisha, Mwingereza na Mjerumani, walitufundisha tuni moja.

Padre alitusimamisha, akasema kwa Kiswahili ili nasi tusikie. Alisema neno ni moja. Wayunani wa kale ndio walioanza nalo, na kwao lilikuwa ni ngoma, watu wanaocheza kwa duara huku wakiimba. Warumi wakalichukua kwa Wayunani, likaingia kanisani, huko likavuliwa miguu likaachiwa mdomo. Wajerumani wakalitamka kwa ulimi wao. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, wakalipinda zaidi, na lilipofika kwetu Ugogo likawa hilo nililonalo. Nilisikiliza kama mtu anayesikia habari za ukoo wa nyoka aliyemuuma. Ngoma! Na Bwana wetu alitukataza ngoma siku ile ile alipotupanga safu mbili akatupa jina.

Bwana mkubwa hakujali Wayunani. Alifuta jina la Mkonze, nililitazama likifutika mpaka mwisho. Kisha akasema, "Si jasusi. Lakini ni mtu wa Waingereza, na ana mabega. Abebe mizigo."

Petro alipelekwa mbele, kwenye vita, kabla ya jioni. Sikumwona tena, wala sikupata nafasi ya kumwambia neno.

Barabara ya mizigo

Muda si muda mizinga ikasikika kutoka kaskazini. Mwanzoni nilidhani ni mvua, kwa kuwa masika yalikuwa yameanza. Jeshi likaanza kurudi kusini, nasi tukabeba. Mimi nilipewa sanduku la risasi. Njia ile ile niliyoijia ilikuwa sasa matope, na watu walianguka mapema zaidi. Aliyeanguka, mzigo wake uligawiwa wenzake, basi kila mmoja alimchukia anayeyumba mbele yake. Nami nilimchukia hivyo mtu mmoja Mnyaturu, tangu asubuhi, mpaka nilipoanguka mimi mwenyewe yeye akiwa bado amesimama.

Ilikuwa homa. Nakumbuka mtu alinigusa kwa mguu. Nakumbuka sauti ya askari ikisema huyu amekwisha, chukueni sanduku. Nilitaka kukubaliana naye.

Nilipozinduka nilikuwa ndani ya tembe, juu ya ngozi, na mwanamke ananinywesha uji wa uwele uliotiwa ubuyu. Aliitwa Mbeleje. Nilikuwa Haneti, si mbali na kaya ile ya pombe. Alikuwa amenikuta njiani akaniburuta yeye na mama mkwe wake, wakanifunika kwa mabua askari wengine walipopita. Kila msafara ulipopita tulikaa kimya gizani watatu, mama mkwe ameshika mchi mikononi, sijui kwa kufanya nini.

Nilipopata nguvu ya kukaa, Mbeleje aliniuliza:

"Wewe umetoka kwaya?"

Nilidhani ni homa inasema. Akaeleza kwamba mume wake Chibago naye amechukuliwa kwaya. Askari walikuja baada ya ule mnyororo wa kwanza, wangu na wa mzee, kupita, wakawafunga wanaume wa pale, na tangu hapo Haneti nzima wanasema hivyo, fulani yuko kwaya, fulani alifia kwaya, na mtoto akilia wanamwambia nyamaza, kwaya inapita. Wapagazi wanaopita wamelichukua neno hilo wakaenda nalo. Alitaka kujua kama kule nilimwona Chibago, mtu mfupi, ana kovu kwenye nyusi.

Sikumwona. Nilimwambia hivyo, kisha nikaanza kumweleza kwamba neno lenyewe si hilo, kwamba kwaya ni watu wanaoimba. Alinisikiliza akitazama shingo yangu, mahali chuma kilipokula. Hakubisha. Akanyamaza kwa upole, kama unavyomnyamazia mgonjwa anayeweweseka, akanijazia tena uji.

Siku nilipoondoka alinipa ubuyu na unga kidogo. Aliniuliza ninakwenda wapi, nikasema Mkonze.

Mkonze

Dodoma niliizungukia mbali kwa upande wa magharibi, kupitia mashamba, nikajificha kila nilipoona kofia. Mengine mnayajua. Mnajua nilivyofika, na kwamba mke wangu hakunitambua mpaka niliposema. Mnajua pia kwamba wale wetu watatu wamechukuliwa kubeba na hatuna habari zao, na kwamba ninyi mliobaki hamkutaka tena neno lile litamkwe hapa. Mkasema tujiite waimbaji. Nilikubali. Mimi mwenyewe kila nilipolisikia nilishika shingo.

Lakini jambo la Jumapili iliyopita wengi wenu hamkulielewa, na ndilo hasa lililonifanya niandike.

Mnakumbuka tulikuwa tunaimba kwa sauti ya chini, mlango umefungwa na ufito nyuma yake. Ukagongwa. Wimbo ulikatika katikati ya neno. Nani kati yenu hakufikiri ni askari? Niliona wanaume wa safu ya nyuma wanatazama juu, wapi paa linaweza kutobolewa. Nilifungua kwa sababu mimi ndiye ninayejulikana na boma, nikaona heri wanianze mimi.

Alikuwa Mbeleje. Amekuja kwa miguu kutoka Haneti, vumbi mpaka magotini, na kibuyu cha maji kitupu. Hamkumjua, na yeye hakuwasalimu, mkaona ni mtu asiye na adabu. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sauti ya chini, kwamba njiani watu wamemwambia Mkonze kuna kwaya.

Hakungoja nimjibu. Aliingia. Alianza na safu ya mbele, ingawa ni ya wanawake, akamtazama kila mmoja usoni. Akapita nyuma. Kwa wanaume alikawia zaidi, na wawili kati yenu, wale wafupi, aliwasogelea akawatazama nyusi. Ninyi mkasimama tu, hamjui anatafuta nini, na mimi sikuwaambia. Alipofika mwisho wa safu alirudi mpaka nilipokuwa nimesimama, akaniuliza kama hawa ndio wote.

Nikamwambia ndio wote.